Jinsi ya Kusoma Alama za Mamlaka na Utaifa za Wajapani: Mwongozo kwa Waongoza Wageni na Walimu wa Lamu

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya wale ambao, hapa Lamu, hukutana na Japani kwa njia moja au nyingine: vijana wanaowaongoza wageni kutoka gatini hadi Mkunguni, walimu wanaotayarisha siku ya utamaduni shuleni, mafundi cherehani wanaoombwa kushona bendera ya kukaribishia ugeni, na wachoraji wa mabango. Wote hao hujikuta siku moja mbele ya ua la dhahabu kwenye jalada la pasipoti, au duara jekundu katika kitambaa cheupe, au alama iliyochapwa kwenye mashine ya boti, nao huulizwa maana yake. Jibu linalotolewa kwa kawaida ni la haraka: hili ni jua, hili ni ua, huu ni mlima. Jibu hilo si la uongo, lakini halimfikishi mtu mbali, kwa sababu alama ya mamlaka ya Kijapani haieleweki kwa kutazama kilichochorwa peke yake. Inaeleweka pale unapojua ni nani aliyepewa haki ya kuichora, na nani alinyimwa.

Mtu wa Lamu hana haja ya kufundishwa jambo hili kuanzia alifu. Siwa ya shaba ya Lamu na siwa ya pembe za ndovu ya Pate, ambazo Makumbusho ya Lamu imekuwa ikizitunza, zote ni baragumu. Hata hivyo mzee anayeijua historia ya mji hatakueleza siwa kwa kusema kwamba ni chombo cha kupuliza. Atakueleza ilipulizwa kwa idhini ya nani, katika arusi za watu wa daraja gani, na nani hakuweza kuiomba. Ichukue njia hiyo hiyo uende nayo Japani. Kila unapokutana na alama, uliza kwanza ni ya nani, kisha ni ya zama gani, kisha imewekwa mahali gani, na ukishayapata hayo, maana itakujia bila ya kubahatisha.

Anza kwa kuhesabu petali

Alama ya kwanza ya kuijua ni ua la krisanthemumu, ambalo Wajapani huliita kiku. Uhusiano wake na ufalme hutajwa kuanzia kwa Mfalme Go-Toba, aliyetawala kutoka 1183 hadi 1198, ambaye alilipenda ua hili hata akaliweka kwenye vitu vyake mwenyewe, na waliomfuata wakaendelea nalo. Marufuku rasmi ilikuja baadaye sana. Mwaka 1869, mara tu baada ya utawala wa mashogun, yaani majemadari waliotawala kwa jina la Mfalme, kuangushwa, serikali mpya ya Mfalme Meiji ilitoa amri ya kudhibiti matumizi ya kiku cha petali 16, na mwaka 1926 umbo lake likawekewa vipimo kamili. Zingatia zama hizo. Mfalme alikuwa ametoka Kyoto, mji ambao ukoo wake ulikaa kwa zaidi ya miaka elfu moja, akahamia Edo, mji uliokuwa umepewa jina jipya la Tokyo. Na wakulima wengi walimjua zaidi bwana wa jimbo lao kuliko walivyomjua yeye. Serikali iliyotaka kuyafanya majimbo hayo kuwa taifa moja ilihitaji alama moja iliyo juu ya nembo zote za mabwana, na alama hiyo isingekuwa juu ya nyingine iwapo kila duka la pombe ya mchele lingekuwa na ruhusa ya kuichora mlangoni.

Kwa hiyo hesabu. Muhuri wa Mfalme una petali 16 za mbele, na katikati ya ncha za petali hizo huchungulia ncha nyingine 16 za safu ya nyuma. Watu wengine wa familia ya kifalme hutumia ua la petali 14, tena lililochorwa kwa upande wa nyuma, kikonyo kikionekana katikati. Wabunge huvaa kifuani beji yenye kiku cha petali 11, iliyozungushiwa mahameli: nyekundu iliyoiva kwa Baraza la Wawakilishi, na ya buluu iliyokoza kwa Baraza la Washauri. Pasipoti ina petali 16, lakini ni za safu moja tu, nyuma yake hakuna ncha zinazochungulia. Tofauti hiyo ni ndogo kwa jicho lisilozoea, nayo ndiyo inayotenganisha muhuri wa mtu mmoja na alama ya raia wote wanaosafiri.

Mgeni akiiweka pasipoti yake mezani ili uandike jina lake katika daftari la nyumba ya wageni, usimwambie kwamba amebeba muhuri wa Mfalme. Mwambie kwamba ni kiku cha safu moja, alama inayolitambulisha taifa lake, na utaona anavyokuangalia kwa heshima mpya. Wala usidhani kwamba rangi ya jalada inaonyesha cheo chake: nyekundu ni ya miaka 10 na buluu ni ya miaka 5, na raia wa kawaida anaweza kuwa na yoyote kati ya hizo. Wanaosafiri kwa kazi ya serikali hupewa ya kijani, na mabalozi hupewa ya kahawia.

Kuna tahadhari moja inayotuhusu sisi hasa. Milango yetu ya nakshi, ile ya Usita wa Mui na ya nyumba za zamani za mitaani, ina maua ya duara yenye petali nyingi yaliyochongwa kwenye kizingiti cha juu na kwenye nguzo ya katikati, na mgeni wa Kijapani huweza kusimama akayaonyesha kwa kidole na kuuliza kama hiyo ni kiku. Si kiku. Ua la duara lenye petali zilizopangwa sawasawa limechongwa na mafundi wa nchi nyingi za Bahari ya Hindi bila ya kuigana na Japani, na ni haki ya fundi wa Lamu na wa Siyu kazi yake itajwe kuwa ni yake. Mwoneshe mgeni idadi ya petali inavyobadilika kutoka ua moja hadi jingine katika mlango huo huo, kwa sababu hakuna amri iliyowahi kumfunga mchongaji wetu kwa hesabu fulani, naye ataifahamu tofauti papo hapo.

Uzito wa kiku ulionekana wazi Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha. Bunduki za jeshi la Japani zilikuwa zimepigwa chapa ya ua hilo juu ya chuma, ishara kwamba silaha ni mali ya Mfalme. Bunduki nyingi zilizosalimishwa mwaka 1945 zilikutwa ua limesagwa kwa tupa, ili kisichukuliwe na adui kilicho cha Mfalme.

Kiri, alama ya wanaotawala kwa niaba

Pembeni mwa kiku kuna alama ya pili ambayo wageni wengi hawaitilii maanani, nayo ni maua na majani ya mti wa paulonia, uitwao kiri. Umbo lake rasmi lina majani matatu chini na vishada vitatu vya maua juu: vishada vya kando vina maua 5 kila kimoja, na cha katikati kina maua 7. Hapo zamani Mfalme alimpa alama hii yule aliyetawala kwa niaba yake. Ashikaga Takauji, aliyeanzisha utawala wa mashogun wa Ashikaga katika karne ya 14, aliipata, na Toyotomi Hideyoshi, aliyeiunganisha nchi mwishoni mwa karne ya 16, aliitumia kwa wingi.

Leo kiri ni alama ya serikali. Ukitazama taarifa ya habari na kumwona Waziri Mkuu wa Japani akihutubia, angalia sehemu ya mbele ya mimbari yake, utaiona hapo. Utaiona pia kwenye sarafu ya yeni 500. Mwenye kuzipanga alama hizi mbili akilini, kiku kwa yule ambaye serikali inafanya kazi kwa jina lake na kiri kwa wale wanaoifanya kazi yenyewe, ameshapata sehemu kubwa ya historia ya siasa ya Japani, kwa maana kwa karne nyingi mwenye cheo na mwenye nguvu walikuwa watu wawili tofauti.

Bendera: kuishona, kuitundika, na kutoichanganya na nyingine

Bendera ya taifa, ambayo watu huiita Hinomaru, inaonekana nyepesi kuliko zote duniani, na kwa sababu hiyo ndiyo inayokosewa zaidi. Sheria ya Bendera ya Taifa na Wimbo wa Taifa, iliyoanza kutumika tarehe 13 Agosti 1999, imeweka vipimo vyake: kimo ni sehemu 2 kwa upana wa sehemu 3, kipenyo cha duara ni tatu kwa tano ya kimo, na kitovu cha duara kiko katikati kabisa ya kitambaa. Ukimpelekea fundi kitambaa cheupe cha sentimita 90 kwa 60, mwambie akate duara jekundu la kipenyo cha sentimita 36. Avute nyuzi mbili kutoka pembe hadi pembe, na pale zinapokutana ndipo pa kuweka kitovu. Fundi asiyepewa vipimo hulifanya duara kuwa dogo mno au kulijaza hadi karibu na ukingo, na bendera inakuwa ya nchi isiyokuwepo. Bendera ya Kenya nayo ina uwiano wa 2 kwa 3, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kuzishona kwa saizi tofauti. Zitundikwe kimo kimoja, ya Kenya ikipewa upande wa heshima, yaani kushoto kwa anayezitazama.

Ukikutana na Hinomaru ya zamani yenye umbo fupi kidogo kuliko hilo, usiikatae. Tangazo la mwaka 1870, lililoamuru meli za biashara zipeperushe bendera hiyo, lilitaja uwiano wa 7 kwa 10, na duara lilisogezwa kiasi kidogo kuelekea mlingotini. Watu wa bahari wataona mara moja kwamba bendera hii ilikuwa ya majini kabla ya kuwa ya nchi kavu. Japani ilihitaji kutambulika kwa meli za kigeni zilizokuwa zikija bandarini mwake kwa wingi baada ya miaka zaidi ya 200 ya kujifungia.

Mwalimu atakayefundisha somo hili asiishie kwenye vipimo. Kati ya 1870 na 1999 bendera hiyo ilitumika bila ya sheria ya kuitaja kuwa ni ya taifa, na ilipokuja sheria, ilikuja kwa uchungu. Baada ya vita, utawala wa kijeshi wa Marekani uliiwekea vikwazo hadi mwaka 1949. Baadaye walimu wengi wa Kijapani walikataa kuinuka mbele yake shuleni, kwa sababu waliikumbuka ikipeperushwa na wanafunzi waliokuwa wakiwaaga vijana waendao kufa. Mwezi Februari 1999 mwalimu mkuu wa shule moja ya sekondari mkoani Hiroshima alijiua, akiwa amebanwa kati ya amri ya wakuu wa elimu na upinzani wa walimu wake juu ya bendera na wimbo wa taifa katika sherehe ya wanafunzi kuhitimu. Miezi michache baada ya hapo Bunge lilipitisha sheria. Naliona jambo hili kuwa ni la lazima kuelezwa, kwani bila yake mtoto atadhani kwamba utaifa ni kitu kilichokubaliwa na wote tangu azali.

Sasa tuje kwenye bendera ya pili, ambayo inahitaji uangalifu mkubwa kuliko yote niliyoyaandika hapa. Ni ile yenye duara jekundu na miale 16 inayotawanyika hadi ukingoni. Jeshi la nchi kavu la Japani liliichukua mwaka 1870, na jeshi la majini likachukua ya kwake mwaka 1889, duara likiwa limesogezwa upande wa mlingoti. Chini ya miale hiyo askari waliingia Korea, China na nchi za Asia ya Kusini-Mashariki. Kikosi cha majini cha Japani kiliirejesha mwaka 1954 na kinaitumia hadi leo, lakini kwa Wakorea na Wachina wengi bado ni bendera ya waliowavamia. Mwaka 2018 Korea Kusini ilipoandaa gwaride la meli za kivita katika kisiwa cha Jeju, iliziomba nchi zote zipeperushe bendera za taifa pekee. Japani haikukubali kuishusha ile ya miale, na meli yake haikwenda.

Mchoro huo unapatikana kwenye fulana za mitumba, kwenye vibandiko na kwenye mabango, na vijana huuchagua kwa sababu unang'aa. Unapotayarisha bango la kuwakaribisha Wajapani, usitumie miale. Usiitumie hata kama ukurasa uliobaki unaonekana mtupu. Duara jekundu peke yake juu ya nyeupe linatosha, na utupu wake ndio uzuri wake.

Nembo za koo, na alama iliyo kwenye mashine ya boti

Kabla ya kuwa na bendera moja, Japani ilikuwa nchi ya nembo nyingi. Kila ukoo wa wapiganaji ulikuwa na nembo yake, iitwayo kamon, ya rangi moja, mara nyingi ndani ya duara, iliyochorwa ili itambulike kwa mbali vitani. Nembo iliyoogopwa kuliko zote ilikuwa ya ukoo wa Tokugawa, ulioitawala nchi kutoka 1603 hadi utawala wake ulipokoma 1867: majani matatu ya mmea uitwao aoi, ncha zake zikielekea katikati ya duara. Mtu wa kawaida hakuwa na ruhusa ya kuitumia. Ukoo wa Sanada ulichora sarafu sita katika safu mbili, nauli ambayo maiti huilipa ili avushwe mto wa kuzimu, na maana yake ni kwamba askari wao walikwenda vitani wakiwa wamekwisha kulipia safari hiyo.

Nembo mbili huwapotosha watazamaji wa kwetu. Ya kwanza ni ya ukoo wa Shimazu wa jimbo la Satsuma, ambayo ni mistari miwili iliyokatana ndani ya duara. Haina uhusiano na msalaba wa Wakristo. Ya pili ni manji, alama ya Kibuddha yenye mikono minne iliyopinda, ambayo huonekana kwenye mahekalu na hata kwenye ramani za Kijapani kuonyesha hekalu lilipo. Ina umri mkubwa mno kuliko chama cha Nazi cha Ujerumani, na mwanafunzi anayeiona kwa mara ya kwanza anapaswa kuelezwa hivyo kabla hajakimbilia hitimisho.

Nembo hizi bado zinavaliwa. Ukiona picha ya arusi ya Kijapani na bwana arusi amevaa vazi jeusi, tafuta vidoa vyeupe vya duara. Kimoja kiko mgongoni chini ya ukosi, viwili viko kifuani, na viwili viko nyuma ya mikono. Nembo tano ndilo vazi la heshima ya juu kabisa. Zikiwa tatu, heshima imeshuka daraja. Ikiwa moja, vazi ni la shughuli ndogo. Hapa tena hesabu ndiyo inayosema, wala si uzuri wa mchoro.

Na katika mji huu ambao magari yake ni ya kuhesabika na punda ni wengi, nembo za Kijapani zinazoonekana kila siku ziko majini. Mashine nyingi za boti zetu zina chapa ya Yamaha, na alama yake ni vyuma vitatu vyenye umbo la uma vilivyopangwa ndani ya duara. Wengi huzidhani nanga au mikuki. Ni vyombo vya kupimia sauti za ala za muziki, kwa sababu Torakusu Yamaha alianza kazi hiyo mwaka 1887 kwa kutengeneza kinanda. Mtu asimwambie mgeni kwamba hiyo ni alama ya utawala. Ni alama ya kazi ya mikono. Mitsubishi ina habari nyingine. Maumbo yake matatu ya almasi yametokana na nembo mbili za kweli: ya ukoo wa Iwasaki, ambako alitoka mwanzilishi wake, na ya ukoo wa Yamauchi, mabwana wa jimbo la Tosa ambao ukoo huo uliwatumikia, wenye majani matatu ya mwaloni. Ukoo wa kibwana ulipopoteza jimbo lake, umbo la nembo yake liliendelea kuishi juu ya meli za mizigo.

Mamlaka yaliyofichwa machoni

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi, na ndiyo inayowashangaza watu waliozoea kuona sura ya mtawala kwenye kila ukuta. Alama kuu za ufalme wa Japani hazionyeshwi. Ni tatu: kioo, upanga na kito. Kioo kimehifadhiwa katika Hekalu Kuu la Ise, upanga katika hekalu la Atsuta mjini Nagoya, na kito katika jumba la kifalme mjini Tokyo, na umma haujawahi kuviona. Mfalme Naruhito aliporithi tarehe 1 Mei 2019, masanduku yaliyofunikwa yaliletwa na kuwekwa mbele yake, moja likiwa na kito na jingine likiwa na upanga unaouwakilisha ule wa Atsuta, pamoja na mihuri miwili ya dhahabu iliyotengenezwa mwaka 1874. Sherehe ilikuwa ya dakika chache, hakuna aliyefungua sanduku, na wanawake wa familia ya kifalme hawakuwemo ukumbini. Wataka kujua mamlaka yalikuwa wapi siku ile? Tazama nani aliruhusiwa kuingia na nini hakikufunuliwa.

Kilichoonyeshwa hadharani kilikuja miezi kadhaa baadaye, tarehe 22 Oktoba 2019, alipopanda kiti cha enzi kiitwacho Takamikura, chenye paa la pembe nane na ndege wa kizushi wa dhahabu juu yake. Kiti hicho hukaa Kyoto, na kwa ajili ya sherehe kilifunguliwa vipande vipande kikasafirishwa hadi Tokyo. Alivaa joho la rangi ya kahawia iliyochanganyika na machungwa, rangi ambayo tangu kale hakuna mwingine anayeruhusiwa kuivaa. Ukitayarisha picha za kuchapisha, usiiongezee wekundu kwa kudhani kwamba kamera imekosea.

Walimu watapenda kujua kuhusu picha ya Mfalme Meiji. Mwaka 1888 msanii Mwitaliano Edoardo Chiossone alimchora akiwa amevaa sare ya kijeshi ya Kizungu, kisha mchoro huo ukapigwa picha, na nakala zake zikasambazwa shuleni. Hazikutundikwa juu ya ubao wa darasa. Ziliwekwa mahali maalumu, na baadaye katika vijumba vidogo vilivyojengwa uani, zikafungiwa humo na kutolewa kwa siku za sherehe tu, wanafunzi wakainama mbele yake. Baada ya 1945 vijumba hivyo vilivunjwa. Katiba iliyoanza kutumika tarehe 3 Mei 1947 ikamtaja Mfalme kuwa ni alama ya nchi na ya umoja wa watu, hana madaraka ya kutawala; akawa yeye mwenyewe miongoni mwa alama tunazozisoma.

Uso wa Mfalme hauko kwenye pesa pia. Mgeni akikupa sarafu kuwa ukumbusho, igeuze uitazame kwa makini: ya yeni 100 ina maua ya sakura, ya 50 ina kiku na tundu katikati, ya 10 ina Ukumbi wa Feniksi wa hekalu la Byodo-in uliojengwa mwaka 1053, na ya 5 ina shuke la mpunga linaloinama juu ya mistari ya maji, huku tundu lake likizungukwa na meno ya gurudumu la mashine. Hiyo ya 5 ndiyo ninayoipendekeza kwa darasa, kwani kilimo, uvuvi na kiwanda vimo katika kipande kimoja cha shaba ya njano. Wanafunzi wa Kenya wana la kulinganisha nalo, kwa kuwa Katiba yetu ya 2010 ilipiga marufuku sura ya mtu yeyote kwenye sarafu na noti, na sarafu mpya za 2018 zikaja na wanyama.

Mlima Fuji, wenye urefu wa mita 3,776, hauhitaji maelezo marefu. Kila Mjapani anaudai kuwa wake, na ndiyo maana unafaa kuwekwa popote bila ya hofu. Ile picha ya wimbi kubwa ya mchoraji Hokusai, ambayo Fuji unaonekana mdogo kwa mbali, imo katika noti ya yeni 1,000 iliyotolewa Julai 2024, na manahodha wa hapa huipenda kwa sababu inaonyesha vyombo halisi vikikabiliana na bahari. Sakura nayo ni ya watu wote, ingawa wakati wa vita ilichorwa kwenye ndege za vijana waliotumwa kujiangusha juu ya meli za adui, na wazee wa Kijapani hawajalisahau hilo.

Unapopanga maonyesho

Kwenye kila lebo ya maonyesho yako andika mwenye alama na mwaka kabla ya kuandika maana. "Kiri, serikali ya Japani" inamsaidia mtazamaji zaidi kuliko "ua zuri la Kijapani". Usichape muhuri wa petali 16 za safu mbili kwenye cheti, fulana au kibao cha duka. Sheria ya Japani hairuhusu kiku hicho wala bendera ya taifa kusajiliwa kama alama ya biashara, na mgeni atashangaa kuiona kwenye menyu ya mkahawa. Kwa cheti cha wanafunzi tumia sakura.

Usisahau pia kwamba si kila aliyebeba pasipoti yenye kiku anajiona ndani ya alama hizi kwa namna moja. Ufalme wa Ryukyu, wenye nembo yake ya duara la matone matatu yanayozunguka, ulimezwa na Japani mwaka 1879 na kufanywa mkoa wa Okinawa. Jumba lake la Shuri lililoungua tarehe 31 Oktoba 2019 liliwaliza watu kama waliofiwa. Waainu wa kaskazini walitambuliwa kisheria kuwa wenyeji wa asili mwaka 2019 tu. Sisi ambao bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilipepea kwenye mwambao wetu hadi Desemba 1963 tunajua kwamba mji huweza kuishi chini ya bendera zaidi ya moja na ukabaki na alama zake. Kwa hiyo mgeni akikwambia kwamba ametoka Okinawa, muulize kwanza kuhusu nembo ya kwao, na kwenye meza ya maonyesho ipe nafasi yake, ikiwa na lebo yake na mwaka wake, badala ya kuiweka chini ya Hinomaru kama pambo.